Historia ya mtaa wako: mwongozo kamili wa kuifuatilia kwa wazee, picha za kabatini na ramani za zamani

Siku hizi anayetaka kuandika historia ya mtaa wake huanzia kwenye simu. Anatafuta ramani ya Mjerumani, anaipata, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wanasifia kwa dole gumba, na habari inaishia hapo. Mimi nashauri uanzie upande wa pili. Ramani iliyochorwa mwaka 1910 imeshangoja zaidi ya miaka mia moja, na ikingoja mwaka mwingine haiharibiki kitu. Bibi wa miaka tisini anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako hana muda huo. Kwa hiyo mpangilio ni huu: wazee kwanza, halafu picha zilizomo majumbani, halafu ramani, kisha unarudi tena kwa wazee ukiwa umebeba vyote.

Mfano wangu utakuwa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu pana vyote vitatu kwa wingi na watu wengi wanapafahamu. Lakini njia ni ileile uwe Ng'ambo ya Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa, Ujiji au kijiji chochote cha bara.

Chagua kipande kidogo

Kata ni kubwa mno, mji ndio usiseme. Chukua nyumba zinazotazamana baina ya njia panda mbili, au uwanja mmoja, au kisima kimoja na njia zinazokwenda kwenye kisima hicho. Ukimaliza hapo utaongeza.

Nunua daftari gumu. Kwenye ukurasa wa kwanza chora kwa mkono mtaa ulivyo leo: njia, nyumba, miti mikubwa, msikiti, duka la kona. Usijali uzuri wa mchoro. Kila kiwanja kipe namba na kila namba ipe kurasa zake mbili. Kuanzia hapo, chochote utakachosikia au kuona kinaingia kwenye namba yake. Nasisitiza kiwanja, maana nyumba zinabomolewa. Kariakoo ilipimwa kwa viwanja vya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, ua nyuma. Karibu zote zimeshaondoka, maghorofa yamechukua nafasi, lakini ghorofa nyingi zimesimama kwenye mipaka ileile ya nyumba ya makuti au ya madebe iliyokuwapo. Ukilijua hilo, ramani ya miaka ya 1920 inaanza kusomeka.

Wazee kwanza, bila karatasi yoyote

Ziara ya kwanza usibebe ramani wala picha. Sukari na majani ya chai beba. Sababu ya kuacha picha nyumbani ni kwamba picha inapandikiza kumbukumbu. Ukimwonyesha mzee soko la zamani kabla hajalieleza, atakueleza picha, na wewe utaandika kwamba ndivyo alivyokumbuka.

Pitia kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwanza, ajue unafanya nini. Kisha mtume mtu anayefahamika na mzee akuombee nafasi. Nenda baada ya alasiri, jua likishapoa na watu wako barazani. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Atakuuliza wewe mtoto wa nani, kwenu wapi, unakaa kwa nani. Jibu yote kikamilifu. Hapo ndipo anapoamua akueleze kiasi gani.

Swali la "kiwanja hiki kilikuwa cha nani?" liache kabisa siku ya kwanza. Kariakoo, na popote ardhi ilipopanda bei, swali hilo lina harufu ya dalali, au ya ndugu anayetafuta ushahidi wa kesi ya mirathi. Uliza waliokaa, wala usiulize waliomiliki. Maswali yanayofungua mdomo ni yale ya mwili na miguu:

"Bibi, ukitoka mlangoni enzi hizo, mkono wa kulia jirani yako alikuwa nani? Na baada yake?"

"Maji mlikuwa mnachota wapi? Mnapita njia gani?"

"Ngoma za harusi zilipigwa wapi? Na maiti walizikwa wapi?"

"Ulipokuwa unakwenda chuoni asubuhi, ulikuwa unaogopa kupita wapi?"

Hilo la mwisho linashangaza kwa matunda yake. Watoto hukumbuka nyumba yenye mbwa, mbuyu uliosemwa una mashetani, kona ya walevi, na vitu hivyo vina mahali maalumu unapoweza kupachora.

Kuna tofauti moja ambayo lazima uisikilize: "niliona" na "niliambiwa". Mzee akisema "Mjerumani alikuwa anapiga watu viboko pale", mwulize kwa upole hayo ameyapata kwa nani. Kama ni kwa baba yake, andika "kwa baba yake". Habari iliyorithiwa ina thamani yake, ila inatakiwa ijulikane imepita mikono mingapi. Kwenye daftari mimi huweka herufi A kwa kilichoonwa na B kwa kilichosikiwa. Inatosha.

Kurekodi: omba ruhusa kabla ya kutoa simu, si baada ya kuibonyeza. Zima mtandao, weka simu juu ya kitambaa karibu na msemaji, rekodi nusu dakika uisikilize, kisha endelea. Feni ya darini na redio ya jirani ndizo zinazoharibu rekodi nyingi kuliko ubovu wa simu. Mwanzoni mwa rekodi sema tarehe na mahali, na mwombe mzee aseme kwa sauti yake kama anakubali maneno yake yahifadhiwe, na kama jina lake litajwe au lifichwe. Kama anaongea vizuri zaidi Kizaramo, Kimanyema au Kidigo, mwache aongee hicho. Tafsiri utaitafuta baadaye.

Na yapo mambo utakayoambiwa ambayo hayaandikwi. Asili ya utumwa katika ukoo fulani, nani alimripoti nani, nani alizaliwa nje ya ndoa, yaliyotokea Unguja mwaka 1964 ndani ya nyumba fulani. Historia ya mtaa haihitaji kumvua mtu nguo. Mzee akisema "hili zima hiyo simu", zima.

Kupata mwaka kutoka kwenye kumbukumbu

Wazee wengi hawatakupa mwaka, na wakikupa usiuamini sana. Wape vigingi vya kufungia. Kwa Tanzania bara vigingi vyangu ni hivi: Uhuru, Desemba 1961, Azimio la Arusha, 1967, Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, vita vya Kagera, 1978 na 1979, msako wa wahujumu uchumi, 1983, kifo cha Sokoine, Aprili 1984, Mwalimu alipong'atuka urais, 1985, kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999. Uliza tu: "Ilikuwa kabla ya Kagera au baada?" Unga wa njano, ule uliobatizwa wa Yanga, watautaja karibu wote, lakini uliletwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usiufunge kwenye mwaka mmoja. Kenya utatumia hali ya hatari ya 1952 hadi 1960 na Uhuru wa Desemba 1963. Kwa jamii zenye marika, jina la rika hukupa muhula mzima.

Kwa akina mama kuna kigingi bora kuliko vyote: "Wakati huo ulikuwa unamnyonyesha nani?" Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto huyo mara nyingi ipo kwenye kadi ya kliniki au cheti, na umepata mwaka.

Pwani kuna hila nyingine ambayo wachache huitumia. Mzee akisema "Ramadhani ile ilikuwa ndani ya masika, tulikuwa tunafuturu huku mvua inaingia ndani", amekupa tarehe bila kujua. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka, na huchukua kama miaka 33 kurudi kwenye msimu uleule. Ramadhani iliangukia mwezi wa Aprili kati ya 1955 na 1958, kisha tena kuanzia 1988 hadi 1991. Mzee wa miaka themanini na tano akisema alikuwa bado mtoto wa chuoni, unajua ni mzunguko upi.

Picha zilizo kabatini

Ziara ya pili ndiyo ya picha. Picha bora za mtaa haziko Ujerumani wala Uingereza. Ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, kwenye albamu zenye nailoni, na ukutani juu ya televisheni. Ukiuliza "una picha za zamani za mtaa?" utajibiwa hapana, kwa sababu hakuna aliyewahi kupiga picha mtaa. Omba picha za harusi, za maulidi, za timu ya mpira, za mtoto alipotahiriwa. Mtaa umo nyuma ya watu. Kariakoo usisahau picha za timu: Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na klabu zote mbili zimeishi humo mitaani. Picha za bendi za dansi na vikundi vya taarabu nazo ziko kwa wajukuu.

Kanuni yangu moja tu hapa: picha haitoki nje ya nyumba. Unainakili palepale. Mtu akikukabidhi albamu uende nayo, kataa kwa adabu. Picha ikipotea, mlango huo umefungwa, na milango ya jirani pia.

Kama una skana ndogo, tumia nukta 600 kwa inchi na uhifadhi faili la TIFF. Kama una simu tu, inafaa: laza picha mezani karibu na dirisha, zima flashi, shika simu sambamba na picha, na piga pia kadi nyeupe kwenye mwanga uleule ili baadaye ujue rangi imepotoka kiasi gani. Piga ukurasa mzima wa albamu kwanza, kisha picha moja moja, kwa sababu mpangilio wa albamu nao ni ushahidi. Halafu geuza picha na upige mgongo wake hata kama unaonekana mweupe. Mgongoni kuna mhuri wa studio, tarehe ya kusafishwa, maneno ya penseli, wakati mwingine salamu nzima. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige juu ya kioo. Ukiandika mgongoni tumia penseli laini, kamwe si kalamu ya wino, na mshauri mwenye nyumba asiipeleke ikapigwe laminesheni. Joto na plastiki vitaiua.

Kila picha ipe jina la faili lenye namba ya kiwanja na namba ya picha, kwa mfano K07_012, na mgongo wake K07_012b. Majina ya watu yabaki kwenye daftari.

Kuisoma picha

Hapa ndipo penye raha. Kaa na picha moja kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inahitaji, na anzia pembeni kwenda katikati. Wanaotabasamu katikati waache mwisho.

Majengo makubwa ndiyo saa ya kwanza. Soko la Kariakoo lenye paa la zege linalofanana na miavuli iliyopinduliwa, lililochorwa na msanifu Beda Amuli ili paa likusanye maji ya mvua, lilifunguliwa mwaka 1975. Likionekana nyuma ya bibi harusi, hiyo harusi haiwezi kuwa ya miaka ya 1960 hata familia iape. Kabla yake palikuwa na banda la soko lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa utawala wao, ambalo Waingereza walilifanya soko mwaka 1923. Na picha za soko kabla na baada ya moto wa Julai 2021 sasa nazo zimeshakuwa historia, zihifadhi.

Saa ya pili ni maandishi. Bango la duka lenye "Acacia Avenue" ni la wakati wa Mwingereza. "Independence Avenue" ni baada ya Desemba 1961. "Samora", jina la sasa la barabara hiyohiyo, imekuja baadaye. Kichwele Street ndiyo Uhuru ya sasa, New Street ndiyo Lumumba, ile ambako TANU ilizaliwa mwaka 1954. Kwa bara, bei zilizoandikwa kwa rupia zinakurudisha kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921. Fulana ya timu yenye jina Sunderland ni kabla ya 1971, maana mwaka huo ndipo jina la Simba lilipoanza.

Kisha mavazi na vitu vidogo. Kanga za kumbukumbu za Uhuru, za chama na za sherehe huwa na mwaka wake waziwazi, lakini kanga huvaliwa miaka mingi baada ya kuchapwa, kwa hiyo inakupa mwanzo tu: picha haiwezi kuwa kabla ya hapo. Nguzo za umeme, bomba la maji, antena ya televisheni, aina ya baiskeli, vyote vinasaidia. Hata karatasi yenyewe inasema: picha ndogo nyeusi na nyeupe yenye kingo za msumeno mara nyingi ni ya kati ya miaka ya 1930 na 1960, ya rangi iliyogeuka wekundu mara nyingi ni ya miaka ya 1970.

Angalia pia kama picha imegeuzwa. Filamu ikiwekwa kwenye mashine kwa upande wake wa nyuma, kulia kunakuwa kushoto, na utatafuta msikiti upande usio wake hadi uchoke. Maandishi yanakuumbua mara moja. Pasipo maandishi tazama vifungo vya shati, saa ya mkononi, na upande wa kuendeshea gari.

Kadi za posta zina mtego wao. Picha moja ilichapwa miaka na miaka, kwa hiyo mhuri wa posta unakuambia tu kwamba picha si ya baada ya hapo. Na maelezo yaliyochapwa chini yake yaliandikiwa mnunuzi wa Ulaya ambaye hakujua Mzizima na Magogoni viko wapi. Nakili maelezo hayo kama yalivyo, hata ya matusi, ila ongeza yako pembeni.

Picha zilizo nje ya majumba ya watu, kwenye hazina za nyaraka, ziko nyingi na za bure mtandaoni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka hazina ya picha za jumuiya ya wakoloni wa Kijerumani. Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani zina picha za Walther Dobbertin, aliyepiga sana Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki, na Chuo Kikuu cha Southern California kimekusanya picha za wamisionari wa makanisa mbalimbali. Nyaraka za Taifa za Uingereza zina mfululizo unaoitwa CO 1069. Ukipakua, andika palepale namba ya kumbukumbu ya picha na jina la hazina. Picha isiyo na namba hutaipata tena.

Ramani: wapi na kwa jina gani

Ukitafuta "Dar es Salaam 1910" utapata kidogo. Mjerumani aliandika Daressalam, Bagamojo, Muansa, Moschi, Aruscha, Udjidji, Kilimandscharo. Kanuni ni fupi: J yake ni Y yetu, SCH ni SH, TSCH ni CH, DSCH ni J, na S mara nyingi ni Z. Miji mingine alibadili jina kabisa: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga. Kenya tafuta Fort Hall kwa Murang'a, Port Florence kwa Kisumu, Thomson's Falls kwa Nyahururu. Kwa upande mwingine, ukiona ramani inayodaiwa kuwa ya 1910 nayo ina neno Kariakoo, tilia shaka. Jina hilo lilikuja na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, aliyeingia mji huo Septemba 1916.

Kipimo ndicho kinachoamua kama ramani itakufaa. Ile mashuhuri ya Kijerumani ya Paul Sprigade na Max Moisel ni ya 1:300,000, sentimita moja kilomita tatu. Kariakoo nzima inafichwa na punje ya dengu. Inafaa kwa njia za misafara na vijiji. Kwa mtaa wa mjini unahitaji ramani ya mji ya 1:10,000 au, bora zaidi, 1:2,500, ambako nyumba inaonekana. Kwa kijiji, mfalme ni karatasi za 1:50,000 zilizotengenezwa na ofisi ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa 1946, zikitegemea picha za ndege: mfululizo wa Y742 kwa Tanzania na Y731 kwa Kenya. Humo nyumba ni vidoti, visima vimeandikwa, vijia vya miguu vimechorwa. Soma maandishi ya pembeni kabla ya kusoma ramani yenyewe, kwa sababu karatasi iliyochapwa miaka ya 1960 inaweza kutegemea picha za ndege za miaka kadhaa nyuma, na mwaka wa picha ndio mwaka wa nyumba zako.

Pa kwenda: Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi kwa karatasi za 1:50,000, Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako jalada za Kijerumani zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 1997 zimehifadhiwa, mkusanyiko wa East Africana wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani, Unguja, na kwa Nairobi, Nyaraka za Kitaifa kwenye Moi Avenue na Survey of Kenya huko Ruaraka. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho, penseli (kalamu za wino hazipendwi kwenye vyumba vya kusomea), na uliza mapema masharti na ada. Usiombe "ramani za zamani". Omba kwa jina la wilaya, kipindi, na aina: ramani ya mji, mchoro wa viwanja, kitabu cha wilaya. Mhudumu wa nyaraka aliyeombwa vizuri ni msaada mkubwa kuliko kompyuta yoyote. Mtandaoni, maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas inapakulika bure, na picha za ndege za ofisi ile ya Kiingereza ziko Edinburgh kwenye hazina ya taifa ya picha za anga. Kwa vijijini jaribu pia picha za satelaiti za kijasusi za Marekani za 1960 hadi 1972, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995.

Ukiwa na ramani, jiulize ilichorwa kwa kazi gani. Ramani ya mipango miji inaonyesha mitaa iliyotakiwa kujengwa, na mingine haikujengwa kamwe. Ramani nyingi za kikoloni zilichora Uzunguni nyumba kwa nyumba, mti kwa mti, kisha upande wa Waafrika zikaweka rangi moja tupu. Hapo ndipo viwanja vya daftari lako vinapoanza kazi.

Kuilaza ramani juu ya leo

Njia ya mkono bado ni nzuri: karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya ramani ya zamani, penseli, kisha unailaza juu ya ramani ya sasa ya kipimo kilekile. Anayetaka kompyuta atumie programu ya bure ya QGIS au tovuti ya Map Warper. Kwa ramani ya leo, Dar ina bahati: tangu 2015 wanafunzi na wakazi wa mradi wa Ramani Huria wameichora mitaa mingi kwa undani kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni.

Kazi ni kuoanisha nukta. Unabonyeza mahali kwenye ramani ya kale, kisha mahali palepale kwenye ya leo. Tafuta vitu ambavyo havikuhama: njia panda, reli, kona za makaburi, kanisa la Azania Front na la Mtakatifu Joseph (yote mawili yalikamilika 1902). Epuka ufuko ulioongezwa kifusi na mito inayohamahama kama Msimbazi. Nukta nne ni za chini kabisa. Weka nane au kumi, zisambae hadi pembeni. Programu itakuonyesha nukta ipi inavuta vibaya. Usiifute haraka. Mara nyingine njia panda yenyewe ilihamishwa, na hiyo ni habari.

Wa vijijini wawe macho na jambo moja. Mistari ya gridi kwenye karatasi za 1:50,000 inafuata mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inafuata mwingine, WGS 84. Tofauti yake ni kama mita 300 kaskazini au kusini. Ukiingiza namba za karatasi kwenye simu moja kwa moja, utafika shamba la mtu mwingine na kusema ramani imekosea. Kwenye QGIS chagua mfumo wa EPSG 21037 kwa mashariki mwa Tanzania, au 21036 kwa kanda ya kati na ya ziwa, nayo itageuza yenyewe.

Usahihi huo unahitajika hasa kwenye mahame. Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu, kwa hiyo kijiji kilichomo kwenye karatasi ya miaka ya 1960 huenda leo ni pori. Nenda na mzee aliyezaliwa huko, asubuhi mapema, na mtu wa kumsaidia kutembea. Tafuta miembe iliyo kwenye mstari, mkonge wa ua, mawe ya kusagia, makaburi. Mzee akifika penye mwembe wa kwao hatahitaji swali lako. Washa simu, ufuate nyuma.

Zinapogongana

Ziara ya tatu ndiyo ya kurudi na vyote, na hapo ushahidi utapingana. Chukua mfano wa Sanamu ya Askari, katikati ya Dar. Kila kitabu kinasema Mwingereza aliizindua mwaka 1927. Mzee anakuambia baba yake aliona sanamu hapo enzi za Mjerumani. Ukimkosoa umepoteza vyote. Ukitazama picha za kabla ya vita utaona kweli palikuwa na sanamu katika eneo hilo la mji: Mjerumani Hermann von Wissmann juu, askari Mwafrika chini yake. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Baba yake mzee aliona sawasawa. Ni sanamu mbili.

Kwa hiyo usichague mshindi. Kwenye ukurasa wa kiwanja andika madai yote, kila moja na mwenyewe: ramani ya mwaka fulani inasema hivi, picha namba fulani inaonyesha hivi, msemaji wa tatu (B) anasema hivi. Kisha andika kauli yako na sababu yake. Kama hujui, acha nafasi. Ningependa kusoma daftari lenye nafasi tupu kuliko lililojazwa kwa kubahatisha.

Kuhifadhi na kurudisha

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski unayoiweka nyumba nyingine, moja mtandaoni. Kila faili la sauti liambatane na ukurasa mmoja unaoeleza nani, wapi, lini, na masharti ya msemaji. Kabla ya kuchapisha chochote hadharani, mpelekee msemaji asomewe sehemu yake. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, lakini hata zisingekuwapo ungepaswa kufanya hivyo.

Kila nyumba iliyokupa picha ipelekee nakala safi iliyochapwa, kubwa kuliko ya asili. Chapa ramani yako ya mtaa kwa ukubwa wa A1, iandike tarehe na neno "toleo la kwanza", uibandike kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kwenye mgahawa ambako wazee hunywa kahawa, na funga penseli kwa uzi pembeni yake. Baada ya mwezi ipige picha, kisha nenda kwa kila aliyechora mstari juu yake ukamwulize alimaanisha nini.